Nilipanda miche 200, ikabaki 11: nianzie wapi tena?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Chamwino, Dodoma. Marehemu baba aliniachia ekari mbili, nalima uwele na alizeti, na nyumba yangu ya bati ipo hapohapo shambani. Mwaka juzi nilinunua miche 200: mikaratusi 100, migravilea 60 na miembe 40. Tuliipanda Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Kufika Oktoba ilikuwa imebaki 11. Majirani wanasema ardhi ya huku haitaki miti, na mimi naanza kuamini. Nataka kivuli, kuni, matunda, na kitu cha kuwaachia wanangu. Je, nibadili aina ya miti, nichimbe kisima, au niachane nayo?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Miche 200 si pesa ndogo, na jasho la kuchimba mashimo 200 kwenye udongo wa Chamwino nalifahamu. Lakini usiachane nayo. Ardhi yenu iliwahi kubeba miti na inaweza kuibeba tena. Kilichoshindikana ni miche ile, kwa tarehe ile, kwa wingi ule. Nitakueleza kilichoiua, halafu nitakushauri jambo ambalo pengine hukulitarajia kwa ofisa misitu: msimu ujao nunua miche 30 tu, na nguvu itakayobaki ipeleke kwenye miti ambayo tayari unayo shambani, ila kila mwaka unaikata kwa jembe.

Nianze na tarehe. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa Aprili 1. Kwa mikoa inayopata masika, kama Kilimanjaro, Tanga na pwani ya kaskazini, tarehe hiyo inafaa, maana mvua kubwa ndiyo kwanza imeanza. Dodoma tuna msimu mmoja. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na kufika Aprili imekwisha au inamalizikia. Jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na baada ya hapo ni miezi saba ya ukavu na upepo. Mche uliopandwa Aprili hupata wiki mbili tatu za unyevu, mizizi yake ingali imejikunja ndani ya udongo wa kiriba, kisha kiangazi kinaukuta hivyo. Uliopandwa Desemba una miezi minne ya kushusha mzizi kufuata unyevu unaozama chini. Hata kama miche yote ingekuwa ya aina sahihi, tarehe hiyo peke yake ingekuondolea zaidi ya nusu.

Shuleni kwenu mnaweza kuendelea kuiadhimisha siku hiyo kwa kazi inayolingana na hali ya hewa yenu. Wanafunzi wapalilie miti iliyopandwa Desemba, waiwekee matandazo na kuizungushia miiba kabla mifugo haijaanza kuachiwa mashambani. Aprili hiyo ndiyo kazi inayookoa mti Dodoma.

La pili ni aina ya miti. Mgravilea ni mti mzuri, nami naupenda, lakini uzuri wake utauona kwenye mashamba ya kahawa Kilimanjaro na Arusha au nyanda za juu, ambako mvua ni nyingi kuliko yenu na kiangazi ni kifupi. Chamwino unaishi kwa kubembelezwa. Mkaratusi nao, ukiacha njaa yake ya maji, una adui mkubwa huko kwenu, naye ni mchwa. Kama miche yako ilinyauka ghafla ikiwa bado ina majani ya kijani, ng'oa mmoja uliokauka utazame shina pale linapokutana na udongo. Ukikuta gome limeliwa kuzunguka shina zima na pamepakwa udongo mwembamba, ni mchwa, na hata maji ya kisima yasingeuokoa.

La tatu ni wingi. Mtu mmoja mwenye kazi ya kutwa nzima hawezi kutunza miche 200 kiangazi. Hapa lawama si yako. Nchi nzima tumezoea kuhesabu kilichopandwa. Kila halmashauri hupewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na taarifa huandikwa siku ya kupanda, wakati idadi yenye maana ni ile ya Novemba inayofuata, baada ya kiangazi kupita. Ningependa sana hesabu zetu zihamie huko. Wewe zihamishe kwako kuanzia sasa: andika kwenye daftari kila mti uliopo hai kila Novemba, na hiyo ndiyo iwe idadi ya miti yako.

Ile 11 iliyobaki usiipite hivihivi. Nenda uitazame kila mmoja umesimama wapi. Mara nyingi utakuta ipo chini ya mteremko maji yanapokusanyika, au kando ya kichuguu cha zamani, au karibu na bafu, au ndani ya kichaka cha miiba ambamo mbuzi hakufika. Hapo shamba lako linakuonyesha lenyewe sehemu zinazoshika maji na sehemu zenye ulinzi. Weka vijiti vya alama mahali hapo, pawe pa kwanza kupandwa Desemba.

Sasa twende kwenye miti uliyonayo tayari. Mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla hujatayarisha shamba, tembea ekari zote mbili polepole ukitazama chini. Utaona machipukizi ya kijani yanayotoka ardhini wakati nyasi zote zimekauka: migunga, ambayo Wagogo wengi huiita mikungugu, mikole, pengine mikwaju, na mingine utakayoifahamu kwa jina la nyumbani. Kila mwaka unalima, unayakata, na kila mwaka yanarudi. Yanarudi kwa sababu chini yake kuna kisiki chenye mizizi mirefu iliyokwishafika kwenye unyevu ambao mche wa dukani utauhitaji miaka mingi kuufikia. Kisiki hicho hakihitaji shimo, wala kiriba, wala maji yako. Kinahitaji kuachwa kikue, na kuongozwa kidogo.

Njia hii Dodoma inaitwa Kisiki Hai, na tangu mwaka 2018 taasisi ya LEAD Foundation ya Tanzania pamoja na Justdiggit ya Uholanzi wamekuwa wakiifundisha vijijini, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kijijini kwenu au kijiji cha jirani yupo mkulima aliyekwisha kufundishwa. Mtafute. Mzizi wake wa kisasa uko Niger. Miaka ya 1980 Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alikuwa na tatizo lako hasa: alipanda miche mingi eneo la Maradi na karibu yote ikafa. Ndipo alipotambua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku jangwani ni miti iliyokatwa ambayo bado ina mizizi hai. Wakulima wa Niger walipoacha kuvifyeka na kuanza kuvipogoa, miti ilirudi kwenye zaidi ya hekta milioni 5 za mashamba.

Na huhitaji kwenda Niger kutafuta ushahidi, maana mkoa wenu unao. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu Kondoa ilikuwa imechimbwa makorongo na mmomonyoko. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Amri ile iliwaumiza wafugaji wengi, na sidhani kama leo kuna haja ya kumhamisha mtu na ng'ombe wake ili tupate miti. Lakini kilichotokea kwenye mimea ni somo kubwa: vilima vilivyokuwa vyekundu vilifunikwa tena na miti na vichaka, na sehemu kubwa ya uoto huo ilitoka kwenye visiki na mbegu zilizokuwa ardhini muda wote. Shinyanga nako, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili zao, yale malisho ya kutengwa yaliyojulikana tangu kwa mababu, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa na miti. Kwa hiyo jirani akikuambia ardhi haitaki miti, mwonyeshe Kondoa.

Kazi yenyewe inahitaji panga kali, msumeno mdogo ukiupata, na vitambaa vya rangi. Chagua visiki 20 hadi 30 kwa kila ekari, vilivyosambaa vizuri. Zaidi ya hapo kivuli kitaanza kuubana uwele, na alizeti hupenda jua zaidi. Visiki vingine endelea kuvilima kama kawaida. Kwenye kila kisiki ulichochagua kutakuwa na machipukizi mengi, pengine 10 au 20, yanayogombania mzizi mmoja. Acha matatu hadi matano yenye afya, yaliyonyooka na kuota karibu na ardhi, na mengine uyaondoe. Halafu kwenye yale uliyoyaacha, kata matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu. Kata kwa kuelekeza panga juu, ukilishika tawi kwa mkono wa pili, ili gome lisichanike kushuka kwenye shina. Pigo la juu kwenda chini huacha kidonda kirefu ambamo wadudu na uozo huingia, na nimeona miti mizuri ikiharibiwa na pigo hilo moja. Usikate zaidi ya nusu ukidhani unaharakisha, maana majani ndiyo yanayoulisha mti.

Kisha funga kitambaa chenye rangi ya kuonekana kwenye shina. Kitambaa hicho kina kazi mbili. Kinamwambia kibarua wa kulima au mwendesha maksai kwamba hapa pana mti, apite kando. Na kinamwambia mchungaji na mtafuta kuni kwamba mti huu una mwenyewe. Watu wengi wanaoharibu miti midogo hawana nia mbaya, wanachokiona wao ni kichaka cha porini kisicho na mtu.

Rudi kila baada ya miezi mitatu hivi, uondoe machipukizi mapya yanayotoka kwenye kisiki, na kadiri mashina yanavyopanda, pandisha na upogoaji. Msimu wa kwanza tu wa mvua utaona mashina yamezidi kimo cha mtoto, na mengine kimo chako. Mwaka wa pili punguza mashina yabaki mawili au matatu, na yale unayoyatoa tayari ni fito na kuni. Ukitaka mti mmoja mkubwa wa kivuli, malizia na shina moja. Ukitaka kuni kila mwaka, baki na mawili matatu na uyavune kwa zamu. Kwa hitaji lako la kuni, hii ndiyo njia ya haraka kuliko mche wowote unaoweza kuununua.

Matawi ya mikungugu uliyoyakata usiyachome. Yakaushe uyalundike kando. Miiba hiyo ndiyo ngome ya miche yako 30 itakayokuja Desemba, na ndiyo sababu nimekuomba uanze na visiki.

Sasa hiyo 30. Kama ningekuwa na ekari zako mbili, ningeigawa hivi: miembe 6, mikwaju 4, mikababu 8, na mijohoro na miarobaini 12.

Miembe ikae karibu na nyumba, umbali wa hatua 10 kati ya mti na mti, kwa sababu ndiyo itakayohitaji macho na maji yako. Nunua iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa kikonyo cha mwembe bora juu ya shina la mche mwingine, yenye jina la aina yake na kovu la kubebesha linaloonekana na kupona vizuri. Hiyo huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, wakati mwembe wa kokwa utakuweka muda mrefu zaidi na hujui utakupa embe gani. Maua ya mwanzo, mche ukiwa bado mdogo, yaondoe, ujenge kwanza matawi. Najua inauma kulitupa ua la mwembe uliouhangaikia. Lakini mwembe ukizaa ukiwa na kimo cha kiuno hudumaa.

Mikwaju weka pembeni, kwenye kona za shamba. Inachelewa, pengine miaka saba na kuendelea kwa iliyotokana na mbegu, ila ikishashika inaishi zaidi ya miaka 100, haiogopi kiangazi chenu, na ukwaju una soko kila siku. Hiyo ndiyo ya wanao.

Mkababu ndio mti ninaoutetea kuliko yote kwenye shamba la nafaka. Wataalamu huuita Faidherbia albida. Tofauti na miti mingine, hupukutisha majani mvua zinapoanza na kuvaa majani kiangazi. Maana yake ni kwamba uwele wako ukiwa unakua, mkababu hauna kivuli cha kuuzuia jua, na majani uliyoyadondosha yanarutubisha udongo. Kiangazi, mbuzi wakihangaika, una kivuli na maganda yenye lishe. Uupande katikati ya shamba, hatua 20 au zaidi kati ya mti na mti. Ujue tu kwamba ukiwa mchanga hukimbilia kushusha mzizi, hivyo kwa macho utauona umesimama wakati chini unafanya kazi. Kitaluni mzizi wake hutoboa kiriba haraka na kuingia ardhini, na ukinyanyuliwa hukatika. Mweleze mwenye kitalu kwamba hutaki mche uliokaa muda mrefu bila kusogezwa.

Mijohoro na miarobaini iende mpakani upande wa mashariki na kusini-mashariki, ambako upepo wa kiangazi unatokea, hatua tano kati ya mti na mti. Yote miwili hukua haraka, mbuzi hawaipendi sana, mchwa huisumbua kidogo kuliko mikaratusi, na hukubali kukatwa na kuchipua tena. Ingiza ndani hatua mbili tatu kutoka mpakani. Mti uliopandwa juu ya mpaka kabisa leo ni kijiti, baada ya miaka kumi ni kesi kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Ukitaka kuotesha mwenyewe, na kwa mwalimu mwenye wanafunzi ingekuwa raha, mbegu hazitendewi sawa. Za mgunga na mkababu zina ganda gumu: zimwagie maji ya moto, acha yapoe nazo humo hadi siku ya pili, ndipo usie. Za mkwaju loweka usiku kucha. Za mwarobaini hazingoji, zikikaa wiki chache hufa, kwa hiyo okota zilizoiva, ondoa nyama na usie zikiwa mbichi. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, unauza mbegu zilizopimwa, na ofisa misitu wa wilaya atakuelekeza.

Kabla sijaliacha suala la aina, kuna mti mmoja ambao utaambiwa ni mwokozi wa nchi kavu: prosopis, ambao Kenya huitwa mathenge. Ulipelekwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Ulishika vizuri mno, ukafunga malisho na njia za maji, na maganda yake yenye sukari yakaozesha meno ya mbuzi hadi wananchi wakaenda mahakamani kuishtaki serikali. Ukipewa mche wake bure, ukatae. Mikaratusi nayo, kama bado unaitaka kwa nguzo, ikae mbali kabisa na korongo au chemchemi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto ziachwe bila shughuli za kibinadamu za kudumu au za kuharibu mazingira, na nyinyi wa Chamwino hamna maji ya kuchezea.

Mashimo chimba Septemba au Oktoba, usisubiri mvua. Upana sentimita 60 na kina 60. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande wa pili. Acha shimo wazi lipigwe jua, kisha kabla ya mvua changanya ule udongo wa juu na nusu debe la samadi iliyooza hadi haina harufu, urudishe ndani. Samadi mbichi au iliyo na majani makavu ni karamu ya mchwa, nayo huwaleta moja kwa moja kwenye mzizi. Udongo wa chini utumie kujengea kingo la nusu mwezi upande wa chini wa mteremko, lenye upana wa hatua tatu hivi, mdomo ukitazama juu kunakotoka maji. Mvua za Dodoma huja kwa kishindo na kukimbia. Kingo hilo linayasimamisha maji ya eneo kubwa yaingie kwenye shimo moja. Kama ningeruhusiwa kukupa kazi moja tu ya udongo, ingekuwa hii.

Mvua ya kwanza ikinyesha, vumilia. Mara nyingi Desemba hunyesha siku mbili halafu jua likachoma wiki mbili. Chimba kwa jembe utazame: unyevu ukishafika kina cha sentimita 30, panda, asubuhi mapema au jioni, ikiwezekana siku ya mawingu. Mwenye kitalu awe amepunguza maji na kivuli kwa wiki tatu nne kabla, ili mche uzoee shida. Mche laini mrefu wenye majani ya kung'aa unavutia sokoni, lakini mfupi mnene wenye shina la mbao ndio utakaokuwepo Novemba. Vua kiriba chote, usikipasue kidogo na kuuzika mche nacho. Mizizi iliyojizungusha chini ya kiriba ikate kwa wembe, la sivyo itaendelea kujizungusha hadi mti uanguke au udumae ukiwa na miaka mitano. Panda usawa uleule uliokuwa kwenye kiriba, na kwa mwembe kovu la kubebesha libaki juu ya ardhi. Kanyaga pasibaki upenyo wa hewa, kisha weka matandazo ya mabua ya uwele, lakini yaachie shina nafasi ya kiganja, kwa sababu mchwa hupenda kusafiri chini ya mabua. Majivu ya jikoni kuzunguka shina husaidia kuwafukuza, ila mvua huyaosha, uyarudie.

Palizi usiidharau. Nyasi ndani ya duara la nusu mita zinakunywa maji kabla ya mche. Miaka miwili ya mwanzo duara hilo liwe safi daima.

Na mifugo. Najua utaratibu wa kwenu: uwele na alizeti vikishavunwa, kuanzia Juni mashamba yote huwa malisho ya kila mtu. Huo ndio wakati miche ya Dodoma inapoishia tumboni mwa mbuzi. Kila mche uzungushie ile miiba ya mikungugu, nene na ndefu kufika kifuani, na uikague kila wiki kwa sababu upepo na watoto huisogeza. Zaidi ya miiba, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na uzungumze na wachungaji wenyewe, ambao pengine umewafundisha. Ikiwa kijiji kina sheria ndogo ya mifugo kuingia mashambani, ombi lako la mashamba yenye miti kupumzishwa lina pa kushikia. Ikiwa hakina, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuipendekeza, na sauti ya mwalimu hapo ina uzito.

Miti ikishakuwa mikubwa, kabla ya kukata mti wowote wa asili kwa ajili ya mbao au mkaa, hata kama ni wako, ulizia kwanza ofisi ya misitu ya wilaya ni kibali gani kinahitajika. Kupogoa na kupunguza mashina kwa kuni za nyumbani ndiyo kazi yako ya kila mwaka.

Nimalizie na kisima. Kwa ajili ya miti hii, sikushauri. Ni gharama kubwa, na una chanzo cha maji juu ya kichwa chako. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 40, mvua ikiwa milimita 550, linapokea lita 22,000 kwa mwaka. Ukipoteza hata sehemu moja ya tano, unabaki na zaidi ya lita 17,000. Sasa linganisha na mahitaji ya kiangazi cha kwanza. Miembe 6 ikipewa lita 10 kila wiki kwa wiki 30, ni lita 1,800. Miti mingine 24 ikipewa lita 5 kila wiki mbili, ni lita 1,800 nyingine. Tanki la lita 5,000 likiwa limejaa mwanzoni mwa Mei linakutosha na kubaki. Kiangazi cha pili utaimwagilia miembe peke yake.

Kwa miembe hiyo, tafuta kwa wafinyanzi mitungi midogo ya udongo isiyopakwa rangi. Zika mmoja kando ya kila mche, shubiri moja kutoka shinani, mdomo ukibaki juu ya ardhi na kufunikwa kwa kigae ili mbu na jua visiingie. Jaza maji. Yatapenya kwenye kuta za mtungi kidogo kidogo kufuata ukavu wa udongo, na mizizi itakwenda kuyafuata kule chini. Anayemwaga ndoo juu ya ardhi mchana, nusu inachukuliwa na jua.

Mifereji ya paa iwe imefungwa kabla Novemba haijaisha. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ya pili ndiyo uielekeze tankini.